Siku moja wodini: leo mwanafunzi wangu ni nyanya wa mgonjwa

Saa 11:30 alfajiri. Feri ya Likoni, nimebanwa kati ya pikipiki mbili. Mkobani nina kilo 5 za mchele. Si za kupika.

Saa 1:00. Tunapokezana zamu. Mtoto wa miezi 8, nimwite Nasra, anatoka leo. Alizaliwa na tundu kwenye ukuta wa moyo, limezibwa kwa upasuaji.

Saa 2:30. Mamake ndiye anayempa dawa, mimi natazama tu. Kijiko cha chai nimekipiga marufuku, maana vijiko vya majumbani havilingani. Anavuta dawa ya kupunguza maji mwilini kwa sirinji isiyo na sindano, anaiinua usawa wa macho, anagonga povu litoke. Juzi mkono ulikuwa ukimtetemeka.

"Akitapika je?"

"Nampa nyingine, sista."

Hapana! Unapiga simu kwanza.

Saa 4:00. Nyanya amefika kutoka Mtongwe. Nimemwita makusudi. Zamani nilikuwa nikifunza mama peke yake, akisema "nimeelewa sista" naridhika. Kuna mtoto alirudi kidonda kinatoa usaha. Kumbe nyumbani anayemwogesha ni bibi yake, na alikuwa akimsinga kidonda kwa mafuta ya nazi. Mapenzi tu. Kosa lilikuwa langu, sikuuliza nani anaogesha.

"Shikamoo nyanya."

"Marahaba mwanangu. Haya, nifunze."

Natoa mchele, nimeufunga kwa leso ukawa mtoto. Namwambia amnyanyue. Papo hapo vidole makwapani! Amelea wajukuu kumi na moja hivyo hivyo. Nikamwekea mkono kidarini pake: mfupa huu wa Nasra ulikatwa, ukivuta makwapa unavuta hapa. Wiki 6 hivi hanyanyuliwi hivyo, na kumbeba mgongoni pia tungoje. Mkono mmoja nyuma ya shingo na mabega, mwengine chini ya makalio, umchote. Mara ya nne alimchota vizuri kuliko mimi. Kidonda: maji safi na sabuni kidogo, kikaushwe kwa kugusagusa, kisitiwe liwa wala unga wowote.

Saa 7:00. Wali maharagwe, nimesimama.

Saa 9:00. Dalili za kurudi hospitali mbio: homa ya nyuzi 38, usaha, kupumua kwa kasi, midomo kugeuka buluu, kunyonya huku jasho linamtoka, kukojoa kidogo. Mama anasoma karatasi yangu kwa sauti, nyanya anaandika nyuma ya bahasha kwa herufi za Kiarabu, ndizo alizosomea chuoni, yaani madrasa. Miaka yote hii nawapa watu karatasi na sijawahi kuuliza wanasoma herufi gani.

Bodaboda nimekataa. Wameondoka kwa tuktuk, mtoto kapakatwa.

Saa 12:15 jioni. Feri tena, simu inalia.

"Mwanangu, amekojoa mara nne. Niendelee kuhesabu?"

Nikamwambia aendelee hadi kesho asubuhi, anipigie.