Siku Inayoanza kwa Usingizi

Kwa miaka mingi niliamini kwamba mapumziko ni ujira. Nilijiambia kwamba nikishamaliza kazi za juma zima, nikajibu kila barua na kufunga kila hesabu, ndipo nitakapokuwa na haki ya kuketi. Kwa kuwa kazi haikuisha hata juma moja, sikuketi. Na hata nilipokwenda ibadani, mwili ulikuwa kwenye benchi huku akili ikipanga mambo ya Jumatatu.

Kilichonigeuza ni kuisoma tena sura ya kwanza ya kitabu cha Mwanzo, polepole, na kukutana na maneno niliyokuwa nikiyaruka tangu utotoni: ikawa jioni, ikawa asubuhi. Jioni inatangulia. Sisi tunaosema Kiswahili hatuna sababu ya kulishangaa jambo hilo, kwa maana wazee wetu waliposema usiku wa Ijumaa walikusudia ule unaoitangulia Ijumaa yenyewe, na mpaka leo tunasema usiku wa kuamkia Jumapili, kana kwamba usiku huo umekwisha kuelekea kesho. Basi katika hesabu hiyo jambo la kwanza ambalo mtu hulifanya katika siku yake mpya ni kulala. Anapoamka hukuta siku imeshaanza bila msaada wake. Tena mwanadamu aliumbwa siku ya sita, kwa hiyo siku yake kamili ya kwanza duniani ilikuwa ya saba: hakuwa amelima wala kujenga chochote, naye akakaribishwa katika pumziko la kazi ambayo hakuifanya.

Hapo niliielewa kwa namna nyingine habari ya mana, chakula ambacho Mungu aliwapa Waisraeli jangwani. Katika Kutoka 16, watu waliotoka utumwani wanaokota chakula cha siku moja tu, na anayejiwekea akiba mpaka asubuhi anakikuta kimeingia mabuu na kunuka. Siku ya sita wanapata maradufu, na sehemu ya akiba inakaa usiku kucha bila kuharibika. Hata hivyo wapo waliotoka siku ya saba kwenda kuokota, wasipate kitu. Ninawaonea huruma watu hao, kwa sababu ninawajua kutoka ndani. Hawakuwa na njaa. Chakula kilikuwamo hemani. Walichokosa ni imani kwamba kilichokwisha kutolewa kinatosha, na mtu aliyelelewa chini ya msimamizi anayehesabu matofali hajifunzi imani hiyo kwa siku moja. Ndiyo maana kitabu cha Kumbukumbu la Torati, kinaporudia amri ya Sabato, yaani siku ya saba ya kupumzika, kinawakumbusha Waisraeli kwamba walikuwa watumwa katika nchi ya Misri. Mtumwa hana siku yake.

Kuhusu swali la siku ipi ishikwe sitakawia. Wapo ndugu zetu Wasabato, ambao kanisa lao liliundwa rasmi mwaka 1863, wanaoishika Jumamosi, na wapo wengi wetu tunaoishika Jumapili kwa ajili ya ufufuo. Ninaogopa zaidi kuwa na siku sahihi isiyo na pumziko ndani yake.

Jambo ambalo haliwezi kuachwa ni la watu wanaofanya kazi ili wengine wapumzike. Kutoka 23:12 inataja ng'ombe na punda, kisha mwana wa mjakazi na mgeni, kwamba nao wapate kuburudika. Kama utulivu wangu wa siku hiyo unasimama juu ya mgongo wa msichana wa kazi aliyeamka kabla ya alfajiri, sijaishika Sabato bali nimemhamishia yeye mzigo wangu. Yesu alimponya siku ya Sabato mwanamke aliyekuwa amepindika kwa miaka 18, na alipolaumiwa alijibu kwamba hata ng'ombe hufunguliwa siku hiyo akanywe maji. Kwake, siku hiyo ilifaa sana kumwondolea mtu kifungo.

Lugha yetu nayo imenifundisha. Hatusemi kwamba tunatengeneza muda. Tunasema nikipata nafasi nitakuja, panapo majaliwa tutaonana. Nafasi hupatikana, na kesho ni ya kujaliwa. Nimeyatamka maneno hayo maisha yangu yote huku nikiishi kama mwenye mali.

Sasa, Jumamosi jua linapozama, ninafunga daftari la hesabu hata kama mstari wa mwisho haujajumlishwa, ninaliweka juu ya kompyuta na kuvifunika vyote viwili kwa kitambaa cheupe. Simu inaingia kwenye droo. Saa mbili za kwanza ni ngumu. Mkono huenda wenyewe mfukoni, ukakuta hakuna kitu, na baada ya kitambo kidogo ukaenda tena. Ninasali kwa maneno machache kutoka Zaburi ya 31, kwamba nyakati zangu zimo mikononi mwake, kisha ninakwenda kulala mapema, nikijua kwamba mstari ule bado uko wazi.

Jumapili moja, baada ya ibada, baba alianza kunisimulia jinsi alivyovuka mto uliofurika, usiku, akiwa kijana. Nimeisikia hadithi hiyo mara nyingi, na kila mara niliondoka maji yanapomfika kifuani, kwa kuwa palikuwa na jambo la kuwahi. Siku hiyo sikuwa na la kuwahi. Alivuka, akapumua, akaendelea: ng'ambo ya pili kaka yake alikuwa amesimama tangu magharibi, ameinua taa ili ionekane kutoka majini, na mkono wake ulikuwa umekufa ganzi. Sikuwahi kujua kwamba palikuwa na taa.