Ninavyopanga kimo cha ndege ya masafa marefu

Kazi yangu ni kuandaa mipango ya safari za ndege kubwa, zile zinazokaa angani saa kumi na zaidi. Marubani waliotoka kwenye ndege ndogo huniuliza sana swali hili: mbona umeniandikia futi 31,000, wakati ndege inaruhusiwa kufika 43,000?

Jibu ni uzito. Boeing 777-300ER inaweza kuondoka na tani 351, na katika safari ndefu zaidi ya theluthi yake huwa ni mafuta. Juu hewa ni nyepesi na ukinzani ni mdogo, lakini bawa nalo linabaki na hewa kidogo ya kulibeba. Ukiilazimisha ndege nzito ipande mno, inainua pua, ukinzani unarudi, na ile faida yote inaliwa. Isitoshe, pengo kati ya kasi ya chini mno na ya juu mno linabana. Ninapokagua kimo huwa nataka akiba ya mara 1.3 ya uzito kabla bawa halijaanza kutetemeka, yaani ndege iweze kulala nyuzi 40 kwenye kona bila tatizo.

Programu hutoa kimo kwa sekunde chache, lakini sikupenda kumpa rubani jibu nisiloweza kulieleza. Nikakaa na kikokotoo. Ndege ikidumisha Mach ile ile, yaani kasi yake ikilinganishwa na ya sauti, uzito wake na kanieneo ya hewa vinatakiwa vishuke kwa pamoja. Katika futi 35,000 kanieneo ya kawaida ni hektopaskali 238. Katika 37,000 ni 217. Hiyo ni tofauti ya asilimia 9. Basi ndege ya tani 300 lazima ichome tani 27 hivi ndipo istahili ngazi inayofuata, yaani kupanda hadi kimo cha juu zaidi, na kwa tani 7 au 8 kwa saa, ni karibu saa tatu na nusu. Tangu hapo nikitazama mpango najua mapema ngazi zitaangukia wapi. Ngazi zenyewe ni za futi 2,000 kwa sababu waendao mashariki hupewa elfu witiri, 33, 35, 37, na waendao magharibi shufwa.

Hesabu hiyo haijui upepo, na upepo ndio unaonichukulia muda mwingi. Kukaa futi 2,000 nje ya kimo bora hugharimu asilimia 1 au 2 ya mafuta. Ndege ikienda kilomita 890 kwa saa, upepo wa mbele ukizidi kwa kilomita 20 tu, umeshapoteza zaidi ya asilimia 2. Kwa hiyo kuelekea magharibi, mkondo wa upepo mkali ukiwa usoni, mara nyingi naiacha ndege chini makusudi. Marubani wengine hununa. Nawaonyesha jumla ya mafuta, tunaendelea.

Joto nalo lina neno lake. Hewa ikiwa na nyuzi 10 zaidi ya kawaida, injini hukosa nguvu na ngazi niliyoipanga saa ya nne ya safari huenda isipandike hadi saa ya tano.

Kigumu kuliko vyote ni bahari. Juu ya Atlantiki ya Kaskazini ndege nyingi hupita karibu wakati mmoja, mashariki usiku na magharibi mchana, na ukiomba kupanda huku mwenzako ameshika kimo hicho, unakataliwa. Ngazi ninayoihitaji sana huiweka kabla ya kuingia baharini, hata ikiwahi kidogo, mradi akiba ya bawa itoshe. Kisha naendesha mpango mara ya pili, ngazi moja ikiwa imenyimwa, nione mafuta yanapungua kiasi gani mwishoni. Tofauti hiyo ndiyo naiongeza kwenye tangi. Siongezi zaidi kwa hofu tu, maana kila tani ya ziada huchoma asilimia 3 hadi 4 yake kwa saa kwa kubebwa tu.

Mzigo ukibadilika dakika za mwisho sikurupuki. Tani 10 zikishuka, kimo bora hupanda futi 600 au 700 tu. Ngazi ya kwanza hubaki ilipo, na ya pili naiwahisha kwa saa moja na ushei.