Watazamaji elfu, oda nne: nilivyoirekebisha tovuti yangu ya kanga

Nauza kanga. Nilianzia kwenye fremu ndogo Kariakoo, na nilipochoka kuwatumia watu wa mikoani picha moja moja kwa WhatsApp, nikamlipa kijana fundi anijengee tovuti. Siku aliyonionyesha kwenye kompyuta yake nilifurahi mno. Juu kulikuwa na picha tano kubwa zinazopishana, maandishi yanaibuka kutoka pembeni, rangi zinameremeta.

Miezi mitatu ikapita. Watu walikuwa wanaingia, zaidi ya elfu moja kwa mwezi, lakini mwezi wa tatu nilipata oda nne tu. Nikadhani tatizo ni bei, nikashusha. Oda hazikuongezeka, nikawa nimejikata faida bure.

Kilichonifumbua macho ni safari ya Morogoro kumsalimia mama mkubwa. Nilimwomba ajaribu kununua doti moja kwa simu yake mwenyewe, nami nikakaa pembeni bila kumwelekeza. Kunyamaza kulinishinda karibu mara tatu. Ukurasa ulizunguka, ukazunguka. Mama mkubwa akaiweka simu mapajani, akaanza kuniuliza habari za watoto. Ulipofunguka, akanyoosha kidole kwenye kanga aliyoipenda, na kabla hajaigusa ikapishwa na picha nyingine. Alipoipata tena, akaisogeza simu karibu na macho.

"Mwanangu, hii imeandikwa nini?"

Nilikosa jibu. Kanga ina pindo, mji na jina, na hakuna mwanamke ninayemjua anayenunua kanga kabla hajasoma jina. Utampelekeaje mkweo kanga usiyojua inamwambia nini? Dukani mteja huikunjua, akasoma, akacheka au akairudisha. Mimi, kwa kutaka picha zipendeze, nilizipiga zikiwa zimekunjwa, jina limefichwa ndani ya mkunjo, chini nikaandika "Kanga nyekundu 07". Kitu kinachouza kanga ndicho nilichokificha.

Hakuishia hapo. Alipobonyeza kununua, tovuti ikamtaka ajisajili kwa barua pepe na nywila. "Barua pepe ya nini tena, si nataka kanga?" Akanirudishia simu.

Niliporudi Dar tulianza na majina. Kila kanga niliipiga picha tatu: imetandazwa yote, jina kwa karibu, na imevaliwa. Kisha jina lenyewe likawa kichwa cha bidhaa, limeandikwa kwa herufi, kwa sababu maneno yaliyo ndani ya picha huwezi kutegemea kwamba mtu atayapata akiyatafuta. Sasa anayeandika "Hasidi hana sababu" kwenye kisanduku cha kutafutia anaiona palepale. Kazi hiyo ilinila wiki mbili za usiku, na ningerudishwa nyuma ningeanza nayo tena.

Uzito ulikuwa jambo la pili. Nilikuwa nimepandisha picha kama zilivyotoka kwenye simu, kila moja MB 4 na zaidi, na ukurasa wa mwanzo ukawa unakula bando la mtu kabla hajaona bei hata moja. Tulizipunguza hadi upana wa pikseli 800, tukazihifadhi kwa WebP, mfumo wa picha unaopunguza uzito wa faili, na zile za chini zikawekwa zisifunguke mpaka mtu ateremke. Picha za kupishana tukaziondoa kabisa. Fundi alisikitika, akisema ndizo zinazoipa tovuti uhai, lakini yeye alikuwa anaitazama kwenye kompyuta yenye intaneti ya ofisini. Tulipima kwa PageSpeed Insights, chombo cha Google cha kupima kasi ya tovuti, na Google wanataka kitu kikubwa kuliko vyote kwenye ukurasa kionekane ndani ya sekunde 2.5. Jakob Nielsen, mtaalamu wa urahisi wa kutumia kompyuta na tovuti, aliandika mwaka 1993 kwamba sekunde 10 ndizo mwisho wa mtu kukaza macho kwenye kitu anachokisubiri. Mama mkubwa hakuzifikisha.

Usajili tuliufuta. Badala yake kila kanga ina kitufe cha WhatsApp ambacho ujumbe wake umeshaandikwa: jina la kanga na bei, mteja anaongeza mji alipo tu. Angalieni namba kwenye kiungo cha aina hiyo ianze na 255, bila ile sifuri ya mwanzo na bila alama ya kujumlisha. Nauli ya kutuma mzigo kwa basi nimeiandika mkoa kwa mkoa, palepale chini ya bei, maana swali la "na kunitumia je?" lilikuwa linamfanya mtu aahirishe, na aliyeahirisha mara nyingi harudi.

La malipo niligundua kwa kupiga simu. Niliwapigia wateja watatu walioweka oda wasilipe. Wawili walinieleza kitu kilekile: waliingiza lipa namba, likatokea jina wasilolijua, wakaogopa kutapeliwa, wakaacha kabla ya kuweka namba ya siri. Lilikuwa jina la biashara yangu ya zamani. Nilibadilisha usajili, na karibu na lipa namba nikaandika: "Ukilipa, utaona jina hili." Sidhani kama kuna sentensi nyingine kwenye tovuti ile iliyonisaidia kama hiyo.

Sikutaka kujidanganya na msimu. Tulimaliza marekebisho karibu na Idi, na Idi kanga hutoka hata kwenye duka bovu, kwa hiyo nilisubiri miezi miwili ipite ndipo nikahesabu kwenye daftari. Waliokuwa wanaingia walibaki karibu idadi ileile. Oda za mwezi ule zilikuwa 31, na bei nilikuwa nimeirudisha ilipokuwa mwanzo.

Mama mkubwa alinunua yake mwezi huo, peke yake, akiwa Morogoro. Alichagua "Nani kama mama", doti mbili.