Ami aliandika sawa

"Mimi nimeandika hii. Chenyewe chanijibu ile ya kabla yake."

Tangu Jumatano maneno ya Ami, mzee wetu wa ofisini, hayanitoki. Aliyasema taratibu, kidole kwenye kioo cha kompyuta. Vijana wa klaringi, wanaoshughulikia kutoa mizigo bandarini, wakacheka, mmoja akamwambia, "Ami, kavae miwani." Hakujibu. Akarudi kwenye daftari lake, na kimya kile kikanichoma.

Kuna skripti niliyoirithi, programu fupi ya Windows, inayouliza namba ya kontena kisha inafungua folda ya karatasi zake. Herufi nne, tarakimu saba. Jana ofisi ilipotulia nikaiendesha. Kontena ya kwanza, haikufungua kitu. Ya pili, ikaniletea folda ya kwanza. Ya tatu, ikaleta ya pili. Vilevile alivyosema Ami!

Aliyeiandika aliweka set /p, amri inayouliza na kungoja mtu aandike, ndani ya mabano ya if, amri ya sharti. Windows huyasoma mabano yote kwa mkupuo kabla ya kutekeleza hata mstari mmoja, na kila %KONTENA%, jina la pale namba inapohifadhiwa, hujazwa papo hapo kwa kilichokuwapo, mtu hajagusa kibodi bado. Anachoandika Ami kinahifadhiwa vizuri, ila goto, amri ya kuruka, ikirudi juu ndipo kinasomwa, zamu ya kontena inayofuata. Dawa ipo tangu Windows 2000: setlocal enabledelayedexpansion, amri ya kuchelewesha kujaza, juu kabisa, halafu !KONTENA! mahali pa %KONTENA%, isomwe mstari wake ukifika. Nikatanguliza na set "KONTENA=", ya kufuta namba ya zamani, kabla ya swali, maana mtu akibonyeza enta bila kuandika, namba ya zamani hubaki.

Nikamwita Ami. Akaandika, folda ikafunguka, ndiyo yenyewe. Nikamwambia mbele ya wale vijana, "Ulikuwa sawa tangu mwanzo."

"Najua, mwanangu."

Basi. Nilifurahi mpaka jioni. Usiku furaha ikageuka hasira. Ami aliieleza hitilafu ile kwa sentensi mbili, wazi kuliko yeyote aliyewahi kuniletea malalamiko pale, na hakuna aliyemuuliza, "Ile ipi, Ami?" Wale vijana hawajamwomba radhi hadi leo.