Jua lenye taji ndani ya mkebe wa kukhu

Kazi yangu ni kuandika mabango hapa Kisumu, ya maduka, shule, makanisa, hata majina ya matatu, na kabla sijafungua mkebe wa rangi huwa namuuliza mteja kitu kimoja tu: nani atasoma? Maana bango la duka la dawa pale Kondele linasomwa na mtu yuko juu ya bodaboda anapita mbio, na bango la kanisa linasomwa na mtu amesimama ametulia, hizo ni kazi mbili tofauti kabisa, herufi si zile zile, rangi si zile zile. Hilo swali ndilo lilinirudia Desemba nikiwa Mumias kwa kukhu, yaani nyanya yangu.

Kukhu ako na mkebe wa biskuti wa zamani anawekamo vifungo. Mimi nilikuwa natafuta kifungo cha shati tu, nikamwaga vyote kwa kitanda, na katikati ya vifungo ikaanguka sarafu ya shaba imekuwa nyeusi karibu kama masizi, ukubwa karibu kama ile ya shilingi kumi. Nikaisugua na kitambaa. Upande mmoja kuna jua lenye miale, na juu ya jua kuna taji, na mtu alitoboa tundu hapo juu kabisa, limepita kwenye taji lenyewe. Upande wa pili ni laini, kidole kinateleza tu, kuna vivuli vivuli vya maandishi.

"Kukhu, hii ni ya nani?"

"Ya mama mkwe wangu. Alikuwa anaivaa shingoni. Wewe tafuta kifungo, usinipotezee hiyo."

Basi kifungo nikasahau. Ukiangalia vizuri hiyo sarafu inakuambia yenyewe venye ilivaliwa: tundu liko juu ya jua, kwa hivyo aliyetoboa alitaka jua likae wima, na ule upande laini ndio ulikuwa unasuguana na ngozi na nguo miaka yote hiyo. Jua lilikuwa linaangalia nje.

Hiyo ni pesa ya mwaka 1888 ya kampuni ya Imperial British East Africa, na sisemi pesa kwa maana ya hela tu, jina lake ndilo hilo, neno pesa lenyewe tumelipata kutoka kwa paisa ya Wahindi, na lilikuwa limezoeleka pwani kabla hao hawajafika. Kampuni ilianzishwa na William Mackinnon, Mskoti tajiri wa meli, ikapewa hati ya kifalme na Malkia Victoria Septemba 1888, na Mombasa ikawa bandari yake kuu. Kwenye sarafu kuna jina la kampuni, jina la Mombasa, na maneno yao ya kujitambulisha ambayo kwa Kiswahili ni Mwanga na Uhuru. Ule upande uliofutika kwa ya kukhu, kwa zile zilizobaki vizuri unaonyesha mizani na maandishi ya Kiarabu, na mwaka umeandikwa pia kwa hesabu ya Hijria, 1306.

Sasa hapo ndipo mtu wa mabango ndani yangu aliamka. Nani atasoma? Mizani na herufi za Kiarabu, hiyo ni ya mfanyabiashara wa pwani, mtu wa Mombasa na Lamu, mtu ambaye alikuwa anaandika Kiswahili chake kwa hizo herufi na anajua mizani maana yake ni haki na pia ni biashara. Aliyechora alijua kazi, lazima niseme ukweli. Na walikuwa na nidhamu ya logo ambayo mimi huwa naililia kwa wateja kila wiki, jua ni lile lile na taji ni lile lile, kwenye sarafu, kwenye stempu, kwenye bendera. Stempu za kwanza, Mei 1890, hazikuwa hata zao, walichukua za Uingereza zenye kichwa cha Malkia wakagonga jina la kampuni na bei kwa ana, vile vipande vya rupia, juu yake, kama venye sisi hupaka jina jipya juu ya bango la mwenye duka aliyehama, halafu Oktoba mwaka huo huo zikaja zao zenye jua.

Lakini bendera ndiyo imeninyima usingizi. Pwani, ile mikanda ya maili kumi kutoka baharini, kampuni ilikuwa imekodisha kutoka kwa Sultani wa Zanzibar, na makubaliano yalikuwa watawale kwa jina la Sultani na chini ya bendera yake, ile nyekundu tupu isiyo na kitu ndani, na ndio maana ile nyekundu iliendelea kupepea Fort Jesus mpaka 1963. Kwa hivyo bendera ya kampuni, ile ya buluu yenye Union Jack kwenye kona na jua lenye taji upande wa kupepea, kazi yake kubwa haikuwa Mombasa. Ilikuwa bara. Ilikuwa huku kwetu.

Mwaka 1889 Frederick Jackson alifika kwa Nabongo Mumia, mfalme wa Wanga, na msafara wa kampuni, wakawekeana mkataba, akamwachia bendera, halafu yeye akaenda zake kaskazini kupita Mlima Elgon kutafuta pembe za ndovu. Yaani hebu fikiria. Unamwachia mtu kitambaa, kisha unaenda kuwinda. Na hapo kwa Wanga kulikuwa na ufalme tayari, kulikuwa na baraza la Nabongo, kulikuwa na Waswahili na misafara yao imepita miaka mingi, si kwamba watu walikuwa wamekaa gizani wanangoja mtu awaletee mwanga. Mumia alikuwa anajua anachofanya, alitaka marafiki wenye bunduki na biashara. Lakini ile picha ya jua na taji, na hayo maneno, hakuna hata kimoja kilichoandikwa kwa ajili yake. Hakuna herufi moja ya Kiluhya, hakuna hata zile za Kiarabu ambazo Waswahili waliokaa hapo wangemsomea.

Basi ilikuwa ya nani? Msomaji alikuja mapema 1890, jina lake Carl Peters, Mjerumani, na yeye pia anakimbilia Buganda kuwahi mkataba. Alipofika kwa Mumia akakuta barua alizoandikiwa Jackson zinamngojea huyo Jackson, akazifungua akazisoma, na ndani akakuta Kabaka Mwanga, mfalme wa Buganda, anaomba msaada wa Waingereza. Akakata mbio. Hiyo bendera haikuwa inaongea na Mumia hata siku moja, ilikuwa inaongea na Peters, ilikuwa inamwambia huku kumeshashikwa. Sisi tulikuwa ukuta. Samahani kwa kusema hivyo lakini ndivyo nilivyoona nikiwa nimekaa kwa kitanda cha kukhu na hiyo sarafu: mwenye ukuta haulizwi kama anaelewa bango, bango ni la wapita njia.

Na kila kampuni ilikuwa hivyo. Wajerumani wa Deutsch-Ostafrikanische Gesellschaft, hapo chini Tanganyika, nao kuanzia 1890 walikuwa na pesa yao ya shaba yenye tai na Kiarabu, na rupia yenye uso wa Kaiser, mfalme wao, na kofia yake ya chuma, nyuma simba na mnazi. Ile ya Cecil Rhodes, British South Africa Company, ilimweka simba ameshika pembe ya ndovu kwa mguu, na mimi hiyo ndiyo naona iliongea ukweli kuliko zote.

Jua lenyewe halikukaa sana. Pesa ziliisha, Uganda ilikuwa inawala, na tarehe 1 Aprili 1893 Sir Gerald Portal aliishusha bendera ya kampuni pale Kampala akapandisha Union Jack. Tarehe 1 Julai 1895 serikali ya Uingereza ikachukua na huku kwingine, kampuni ikalipwa fidia, pauni 250,000, na kubwa ya hizo zilitoka kwa hela za Zanzibar, hapo nilisoma mara mbili. Kilichobaki na jina la mwenyewe kwetu ilikuwa meli, SS William Mackinnon, ilitengenezwa Scotland ikaja vipande vipande, vipande vingine vikabebwa kwa vichwa vya wapagazi, ikaunganishwa hapa Kisumu na kuingia ziwani 1900, mwaka mmoja kabla reli haijafika.

Ile bendera ya Mumia sijui iliozea wapi, kitambaa ni kitambaa. Shaba ndiyo ilibaki, na ilibaki kwa sababu mama mkwe wa kukhu aliipenda, akatoboa, akaifanya kitu chake, na nikifikiria hilo nafurahi sana, kwamba kuna mtu mmoja katika hii hadithi yote alitazama hilo jua akaamua mwenyewe litasomwa na nani: na yeyote aliyekutana naye njiani kwenda sokoni.

Nilimwomba kukhu nije nayo Kisumu akakataa, na alikuwa na haki. Nikaweka karatasi nyembamba juu yake nikapaka penseli polepole mpaka miale ikatokea, karatasi iko hapa juu ya rangi zangu. Pasaka narudi na tochi, nitaimulika ule upande laini kwa pembeni nione kama mti wa mizani bado uko.

Kifungo nilipata pia, cha bluu.