Uhai Mmoja kwa Maumbo Yote
Kwa miezi minne sasa nimekuwa nikiandika kanuni za wahusika wanaobadili umbo kwa ajili ya mchezo wa mezani wa kuigiza wahusika ninaouongoza kila Jumamosi, na jambo lililonisumbua kuliko mengine yote ni uhai. Nilianza kwa kufuata kanuni za mchezo wa Dungeons & Dragons za mwaka 2014, ambamo druidi, yaani mhusika mwenye uchawi wa asili, akigeuka mnyama huchukua pointi za uhai za mnyama huyo (kiasi cha madhara anachoweza kustahimili kabla ya kuanguka), na akirudi katika umbo lake hupata tena zile alizokuwa nazo kabla ya kugeuka. Kwa hiyo druidi wa Duara la Mwezi, tawi la druidi waliobobea katika kugeuka wanyama, akiwa bado katika ngazi ya 2, anaweza kuwa dubu mwenye pointi 34, tena mara mbili kabla ya kuhitaji kupumzika. Mezani kwetu wenzake waligeuka watazamaji. Mpiganaji wetu alianguka huku dubu akiendelea kupigana kana kwamba hakuguswa, na nilimwona mchezaji wake akizisukuma dadu kando.

Toleo la 2024 la kanuni hizo lilinionyesha njia bora: druidi hubaki na uhai wake mwenyewe, akiongezewa pointi za muda zinazolingana na ngazi yake. Nimeichukua kanuni hiyo na kuongeza yangu moja, kwamba mguu uliovunjika akiwa chui humfanya achechemee hata anaporudi kuwa mtu, kwa sababu naamini mwili ni uleule ingawa ngozi imebadilika. Jumamosi iliyopita druidi wetu alisita kabla ya kugeuka, akawauliza wenzake kwanza.