Vipele vya ndevu na asidi ya glikoliki: uzoefu wangu

Niseme mapema: dawa ya uhakika ya vipele vya ndevu ni kufuga ndevu. Ukiacha kunyoa kwa wiki kadhaa, unywele ukarefuka vya kutosha, hujinasua wenyewe na ngozi inatulia. Daktari atakwambia hivyo, na sheikh wa mtaani kwetu hunikumbusha hivyohivyo kila Ijumaa kwa sababu zake nyingine. Tatizo ni kwamba mimi nakaa kaunta ya benki. Hakuna tangazo ukutani linalokataza ndevu, lakini ukija nazo za siku tatu meneja anakuuliza kwa sauti ya huruma kama unaumwa. Kwa hiyo haya ni maelezo ya mtu ambaye kunyoa ni lazima.

Wengi husema vipele hivi vinaletwa na mashine chafu ya kinyozi. Vinyozi nao husema ni damu chafu. Chanzo chenyewe ni umbo la unywele. Unywele wa kipilipili hutoka kwenye kitundu chake ukiwa umejikunja. Ukiukata kwa wembe, ncha inabaki imechongoka, na ukirefuka kidogo tu unajipinda na kuchoma ngozi milimita moja au mbili kutoka ulipotokea. Kuna na njia ya pili, ambayo ndiyo iliyokuwa yangu. Unavuta ngozi ya shingo, unapitisha wembe wa makali matatu au matano, ukali wa kwanza unaunyanyua unywele, unaofuata unaukata. Ukiachia ngozi, kile kishina kinazama chini na kuanza kutoboa kutokea ndani. Mwili unaupokea unywele wake mwenyewe kama mwiba: panavimba, panawasha, pengine panatunga usaha, na pakipona panabaki doa jeusi linalokaa miezi. Kufikia miaka yangu ya thelathini shingo ilikuwa nyeusi kuliko uso, na kola za mashati meupe zilikuwa na vidoa vya damu visivyotoka hata kwa kulowekwa.

Nilipitia spiriti, ndimu, aftashevu za kila bei, na zile krimu za mchanganyiko zinazouzwa maduka ya dawa bila cheti, zenye dawa ya fangasi, ya bakteria na steroidi ndani ya tyubu moja. Hizo za mwisho ndizo hudanganya watu, kwa sababu uvimbe unashuka kweli kwa siku chache. Ukizizoea, steroidi inaichosha ngozi, inakuwa nyembamba na kubadilika rangi, na siku ukiacha vipele vinarudi kwa hasira.

Chupa ya asidi niliikuta bafuni. Ilikuwa ya mke wangu, anaitumia kwa madoa ya chunusi, na siku hiyo alinikuta naisoma kwa makini kuliko ninavyosoma mikataba ya wateja.

“Baba Zawadi, hiyo siyo aftashevu,” akaniambia. “Ukiipaka umetoka kunyoa utaruka mpaka darini.”

Nikamuuliza kama inaweza kusaidia shingo. Akasema hajui, ila kwenye ngozi yake inabandua. Hapo ndipo nilipoanza kusoma.

Asidi ya glikoliki ndiyo ndogo kuliko zote katika kundi linaloitwa AHA. Kiasili imo kwenye miwa, ingawa ya dukani kwa kawaida hutengenezwa kiwandani. Udogo wa molekuli yake ndio uzuri wake na ndio ubaya wake: inapenya haraka kuliko asidi ya laktiki, ile ya maziwa ya mgando, basi inafanya kazi upesi na inawasha upesi. Juu kabisa ya ngozi kuna tabaka la seli zilizokufa, zimegandana. Asidi inalegeza kinachozigandisha, zinatoka zenyewe bila kusuguliwa. Kwa shingo yenye vipele hilo si jambo dogo. Skrabu ya chembechembe inakwangua vichwa vya vipele na kuvitia vidonda, wakati asidi inakiondoa kile kifuniko kilichoufungia unywele chini.

Matumizi haya si mapya kama matangazo yanavyotaka tuamini. Eugene Van Scott na Ruey Yu, watafiti wa Marekani, walichapisha mwaka 1974 kazi yao juu ya asidi za kundi hili kwa wagonjwa wa iktiosisi, maradhi yanayofanya ngozi iote magamba. Mwaka 1993 daktari wa ngozi Nicholas Perricone akachapisha majaribio ya losheni ya glikoliki kwa wanaume wenye vipele vya ndevu hasa. Vipele vilipungua sana, huku wakiendelea kunyoa. Dhana yake ni kwamba pamoja na kubandua ngozi, asidi huenda inadhoofisha viungo vya salfa ndani ya unywele, ukaota umenyooka zaidi. Na katika mwaka huohuo mahakama moja ya rufaa ya Marekani iliamua kwamba kampuni iliyokataza ndevu bila kumsaza mtu iliwaumiza wanaume weusi isivyo haki, kwa sababu ya maradhi haya haya. Hiyo hukumu sijamwonyesha meneja.

Mama yangu, yuko Tanga, aliposikia kwenye simu kwamba napaka asidi shingoni alinyamaza kidogo, kisha akasema, “Mwanangu, asidi si ya betri hiyo?” Nilipomweleza, hofu yake ikahamia kwenye mkorogo. Ni swali la haki, kwa sababu madukani vitu hivi vinakaa rafu moja. Mkorogo unakuwa na haidrokwinoni, au zebaki, au steroidi kali, vitu vinavyozuia ngozi kutengeneza rangi yake au kuiharibu kabisa. Asidi ya glikoliki kwa kiwango cha nyumbani haikufanyi mweupe. Shingo yangu ilirudi kuwa rangi ya kifua changu, basi. Mtu akikuuzia chupa akikuahidi weupe ndani ya wiki, ama ndani mna kitu kingine, ama asidi ni kali kupita kiasi.

Kuhusu ukali, soma namba mbili. Ya kwanza ni asilimia. Jopo la wataalamu wanaokagua viambato vya vipodozi Marekani liliweka mpaka kwa bidhaa za nyumbani: asilimia 10 kushuka chini, na pH, kipimo cha uchachu ambacho kikishuka ukali unapanda, isiwe chini ya 3.5. Namba ya pili ni hiyo pH, na watu huiruka. Asidi inayofanya kazi ni ile iliyo huru, na kwenye pH ya 3.8 hivi ni nusu tu iliyo huru. pH ikipanda zaidi, inayobaki huru ni kidogo mno. Ndiyo maana chupa ya asilimia 10 yenye pH ya 5 inaweza kuwa pole kuliko ya asilimia 5 yenye pH ya 3.5. Chupa ya nyumbani kwetu ni ya asilimia 7, na pH imeandikwa. Isiyoandika chochote naiacha dukani. Zile za asilimia 30, 50, hata 70 zinazouzwa mitandaoni ni za daktari: anapaka, anahesabu dakika, halafu anaizimua. Kwenye ngozi nyeusi kuungua kidogo tu kunaacha doa baya kuliko lile ulilotaka kulifuta. Hili ndilo ningependa kila mwenye ngozi kama yangu alishike kabla ya kufungua chupa, maana sisi mwasho wenyewe ni chanzo cha madoa.

Nilianza nyuma ya sikio, kidogo, nikaangalia siku mbili. Halafu shingoni, usiku mmoja kwa wiki. Naosha kwa maji na sabuni isiyo kali, nafuta, nangoja ngozi ikauke kabisa, kwa sababu ngozi mbichi inafyonza haraka na kuwasha zaidi. Namimina matone machache kiganjani, napapasa chini ya taya na shingoni. Pamba nimeiacha, inakunywa nusu ya dawa halafu inakwaruza. Sigusi midomo, kona za pua wala karibu na macho. Inatekenya, inachoma kidogo, inatulia ndani ya dakika chache. Ingeendelea kuchoma ningeosha kwa maji mengi. Baada ya hapo napaka mafuta mazito yasiyo na manukato. Mimi natumia vaselini kidogo sana, ingawa mke wangu anasema kwa joto la Dar huo ni ushamba. Baada ya wiki kadhaa za mara moja nilipandisha hadi mara mbili, nikaishia mara tatu. Kila siku sijawahi na sina haja. Kipindi cha kipupwe, Juni na Julai, upepo mkavu ukianza, ngozi inakaza na narudi kwenye mara moja.

Sharti kubwa kuliko yote: usiku wa kupaka na asubuhi ya kunyoa visikaribiane. Wembe nao unabandua ngozi. Ukiongeza asidi papo hapo unabandua mara mbili, na ule mruko wa darini alioutaja mke wangu ni wa kweli. Nikinyoa asubuhi, usiku wake naacha. Ndiyo maana ilinibidi kupunguza kunyoa, na hapa ndipo kazi ilipokuwa. Ule wembe wa makali mengi niliuweka kando. Natumia mashine ya umeme inayoacha kama milimita moja, na kutoka ng'ambo ya kaunta hakuna mteja anayeona tofauti. Siku za mikutano mikubwa natumia wembe wa ukali mmoja: maji ya uvuguvugu kwanza, povu jingi, kuelekea ndevu zinakolala, bila kuvuta ngozi, na bila kurudia mahali palepale. Kwa kinyozi ilikuwa vita ya kiungwana. Kila nikikaa kitini, “Bosi, zero?” Kwake zero ndiyo kazi safi. Sasa amezoea, na spiriti anaimalizia kwenye mashine yake, si shingoni kwangu.

Hivi ni asidi au ni mashine iliyonisaidia? Nimejiuliza. Nilipobadili kunyoa tu, vipele vipya vilipungua, lakini ugumu wa ngozi na unywele uliokwishanasa vilibaki palepale. Hivyo viwili ndivyo vilivyoondolewa na asidi. Nywele zilianza kujitokeza zenyewe, vitanzi vidogo juu ya ngozi. Hapo kuna kishawishi cha kuchukua kibano na kung'oa. Usiung'oe, utaota tena kutokea chini, huenda vibaya zaidi. Unyanyue tu kwa ncha ya sindano safi, uuache.

Jua ni habari nyingine. Asidi hii inaongeza wepesi wa ngozi kuungua na jua, na hali hiyo huchukua kama wiki kuisha baada ya kuacha. Wanaume wengi hapa kwetu tunaamini mafuta ya kukinga jua ni ya Wazungu, au ya ndugu zetu wenye ualbino, ambao kwao ni suala la uhai. Ndiyo sababu Moshi kunatengenezwa Kilisun, mafuta ya jua kwa ajili yao hasa. Ngozi nyeusi haiungui kirahisi, kweli, lakini madoa yake hulishwa na jua. Bila kinga unafuta usiku kinachoandikwa mchana. Napaka SPF 30 asubuhi, shingo na uso. Kwa anayeswali, udhu wa adhuhuri unaondoka na ya usoni, hivyo tyubu inakaa kwenye droo ya ofisi. Aina nyingi zinaacha weupe wa majivu. Nimezipita hizo hadi nikapata ya jeli isiyoonekana. Bei yake inauma kuliko ya asidi.

Mwasho ulikuwa wa kwanza kuondoka, ndani ya wiki chache. Ngozi kulainika kulifuata. Madoa yalichukua muda mrefu zaidi, miezi, na yaliyokuwa na kina bado yapo ingawa yamefifia. Vipele viwili vitatu hujitokeza nikinyoa kwa wembe siku mbili mfululizo. Kola ni safi.

Mdogo wangu alipoona chupa ameanza kuitumia makwapani kuzuia harufu, na anadai inafanya kazi. Inaeleweka, kwapa likiwa na asidi zaidi bakteria wa harufu hawastawi. Nimemkataza tu kupaka siku aliyonyoa.

Mwenzangu wa kaunta ya pili yeye vipele vyake viko kisogoni, vigumu, vimeanza kuungana. Aliniomba jina la chupa. Sikumpa. Vya kisogoni ni maradhi mengine, vinaacha makovu yanayovimba na vinaua mizizi ya nywele, na bonge likishakomaa watu huishia kwenye sindano au kisu. Nilimwambia aende kliniki ya ngozi wiki hiyohiyo, na kabla ya hapo amwambie kinyozi wake aache kumpitishia zero nyuma.